Tonge Lisilohesabiwa

Mji ulikuwa umeshaanza kuondoka. Mabehewa ya mbele yalikwishapita kichuguu kikubwa, ya nyuma yalikuwa bado yanajikokota kutoka kwenye tope la kisima, na wanawake wawili walioachwa walikuwa chini ya banda la bati, kila mmoja na kifurushi chake. Mbuke alikuwa ameketi. Holo alikuwa amesimama, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja wenzake wamalize upuuzi wao warudi. Hakuna aliyepunga mkono.

Nyamizi alikuwa kwenye ngazi ya behewa la mwisho, ameshika chuma kwa mkono mmoja. Hakutumwa na mtu kwenda pale. Tangu usichana wake hakuwahi kutulia mahali. Kabla miji haijaanza kuhama yeye alikwishahama peke yake, Tabora, Mpanda, Singida, Tabora tena, akiuza hiki na kile, akisoma darasa moja hapa na nusu darasa kule. Wale wawili aliwajua vizuri. Wote watatu walikuwa kimo kimoja, kimo cha mtoto wa darasa la tano, na umri wa kumzaa mama yake huyo mtoto.

"Mji wa nyuma utawachukua," sauti ilisema mgongoni kwake.

Alikuwa Mahundi, mpimaji wa mji, mwanamume wa makamo mwenye mashavu yaliyojaa kuliko ya wengi.

"Umeshauona huo mji wa nyuma?"

"Upo kwenye ramani."

"Mzigua akikwambia kitu kipo kwenye ramani, shika kwanza viatu vyako."

"Ingia ndani, bibi. Ukianguka nitaandika kwamba uzito wako umebaki barabarani, na mashine haina nafasi ya kuandika mambo ya Kinyamwezi."

Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za wapagazi. Wametukanana hadi msibani na hakuna aliyenuna. Siku nyingine Nyamizi angecheka. Siku ile aliendelea kutazama banda la bati mpaka likawa doa, na doa likawa vumbi.

Mji ule uliitwa Mwendo. Uliendeshwa kwa jua na ulifuata mvua kutoka bonde hadi bonde, kwa sababu mvua ilikuwa haikai tena mahali pamoja. Chakula chao kilikuwa unga uliooteshwa kwenye mapipa, na haukuwa mwingi. Ndiyo maana palikuwa na Kadiri. Kadiri ilikuwa mashine. Ilisoma bangili ya kila mlaji kwenye dirisha la kugawia chakula ikajua kila kalori iliyotoka, na kila asubuhi ilimsimamisha kila mtu kwenye mizani, ikamwambia neno moja kwa sauti ya kike. Umebaki. Umezidi. Umepungua. Aliyezidi alikatwa chakula. Aliyepungua mara tatu alihesabiwa kwamba mwili wake umeacha kushika chakula, na kumlisha ni kumwaga unga. Huyo alishushwa kwenye kisima kinachofuata. Mbuke na Holo walikuwa wamesikia neno lao la tatu asubuhi ile ile, mmoja baada ya mwingine, na Holo aliiuliza mizani kama haina mama.

*

Sikitu alikuwa kitandani kwake, behewa la tisa, mguu mbovu umenyooshwa juu ya mto. Zamani alikuwa fundi cherehani wa Kondoa, na goti lake lilikufa kwa miaka ya kukanyaga pedali. Naye alikuwa kimo kile kile. Mabega yake yalikuwa yametoka kama tundiko la nguo.

"Umekuja kuangalia nimebaki kiasi gani?"

"Nimekuja kukwambia wameachwa."

"Najua wameachwa. Goti ndilo limekufa, masikio bado." Sikitu alivuta shuka. "Mimi nimeshaambiwa mara mbili. Nimebakiza neno moja la yule mwanamke wa kwenye mizani, halafu na mimi nikakae chini ya bati."

"Lamba bakuli, Sikitu. Usiache kitu."

"Nalamba mpaka rangi. Nikuulize wewe. Unakula wapi?"

"Hapo hapo unapokula wewe."

"Mwongo."

Nyamizi alitaka kuondoka. Sikitu alimshika kanga.

"Hiki kibaba wanachotupa kimetoka wapi, unajua? Kimetoka kwenye mwili wako. Usinitazame hivyo. Unajua."

Alijua. Vitabu ambavyo Kadiri ililishwa mwanzoni viliandikwa kwa kupima watu wakubwa wa nchi za mbali. Vilikuwa na hesabu yao: chukua uzito, chukua kimo, toa umri, ongeza kiasi mtu anavyojishughulisha. Kwa mwanamke mzee mfupi hesabu ile ilitoa kalori elfu moja na mia mbili hivi kwa siku, ili asinenepe wala asikonde. Kadiri haikuamini. Ikataka mwanamke mmoja mzee, mfupi, mzima, ili impunguzie chakula kijiko kwa kijiko mpaka mizani iseme umepungua, halafu imrudishie kijiko kimoja. Pale ndipo pangekuwa kiwango chake, na cha wote wa mfano wake. Nyamizi alijitolea mwenyewe, kwa majivuno. Wakamshusha hadi elfu moja. Umebaki. Wakamshusha tena. Umebaki. Walipofika mia tisa, Mahundi alisimamisha jaribio kwa sababu hata yeye aliona haya kuendelea.

"Mwili wa kipagazi," Nyamizi alikuwa akiwaambia watu. "Kiganja cha mtama hadi pwani."

Tangu hapo kila mwanamke mzee mfupi wa Mwendo alipewa mia tisa. Na mmoja mmoja wakaanza kuisha.

"Naapa sijawahi kula nje ya bakuli langu," alisema Nyamizi, na aliapa kwa moyo safi. "Waliniuliza mara ngapi. Bibi, unakula kwa mtu? Nikasema hapana. Ni kweli hapana."

"Basi kaa hapa."

"Nikae wapi?"

"Hapa. Kitanda cha juu kiko wazi tangu Mbuke ashushwe. Kaa kama mimi, usizurure, tule bakuli moja moja mpaka kisima kinachofuata. Tuone huo mwili wa kipagazi."

Kukaa! Angemwambia aruke kutoka kwenye ngazi ingekuwa nafuu. Lakini mwanamke yule alikuwa amemwita mwongo mbele ya behewa zima, na mapazia ya vitanda vya jirani yalikuwa yametulia sana, mapazia yanayosikiliza.

"Nakaa," alisema Nyamizi.

*

Kukaa kulimtesa kwanza miguu, halafu tumbo. Alidhani ni uvivu wa mwili usiozoea. Alikula bakuli lake, akalamba, akalala, akaamka akiota karanga. Waligombana na Sikitu juu ya dirisha, juu ya mkoromo, juu ya nani alimjua Mbuke zaidi. Asubuhi alikwenda kwenye mizani moja kwa moja na kurudi moja kwa moja, Sikitu akimhesabia safari kama askari jela.

"Umebaki," ilisema Kadiri. Baadaye ilianza kukawia kidogo kabla ya kusema. Na asubuhi moja ikasema, kwa sauti ile ile tamu:

"Umepungua."

Watu kwenye foleni waligeuka. Nyamizi alishuka kwenye mizani, akapanda tena. Mizani haikubali kupandwa mara mbili. Ilinyamaza.

Mchana wa siku ile alikuwa juu ya kitanda, macho darini. Nje ya pazia, kwenye ujia, watu wa behewa walikuwa wamekaa na mabakuli yao. Mtu alipita.

"Karibu."

"Haya, asante." Maji kidogo ya vidole. Kimya cha mtu anayemeza. "Mlenda huu umeweza." Nyayo zikaendelea.

Nyamizi aliona mkono wake wa kulia. Ulikuwa umetoka nje ya shuka. Vidole vitatu vilikuwa vimekutana.

Alikaa akiutazama kama mkono wa mtu mwingine. Nani anakula bila kusema karibu? Na nani anakaribishwa akapita mkavu, kana kwamba chakula cha mwenzake kina uchafu? Unanawa ncha za vidole, unamega tonge, dogo tu, unachovya, unashukuru, unakwenda zako. Huko si kula. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyesema nimekula kwa fulani kwa sababu ya tonge la karibu. Ni salamu. Ukiulizwa umekula kwa mtu, unasema hapana, na hujadanganya.

Na yeye, mtu asiyetulia, alikuwa akipita mabehewa yote ya Mwendo kila saa ya chakula.

"Sikitu."

"Nini tena?"

"Nilikuwa nakula."

Kitanda cha chini kilikwaruza. "Nilikwambia."

"Sikujua."

"Kutokujua kwako hakuninenepeshi, Nyamizi. Wala hakukumnenepesha Mbuke. Kesho asubuhi napanda mizani tena. Na mizani imeshaanza kukawia kwangu."

*

Mahundi alikuwa ofisini mwake, chumba chenye feni na kioo cha Kadiri kilichojaa namba za kijani. Alimsikiliza bila kukatiza. Kisha alifunga mlango.

"Matonge?" alisema.

"Matonge."

"Bibi, mimi nina mashine inayoweza kupima jasho la panya. Unaniambia imeshindwa na matonge."

"Haijashindwa. Haikuuliza. Na mlioiuliza kwa niaba yake mliuliza kama watu wasiokuwa na mama."

"Chunga mdomo."

"Nimeuchunga vya kutosha. Rudisha kile kiwango cha vitabu. Elfu moja mia mbili. Vitabu vya watu wakubwa, lakini kwetu vilikuwa sawa."

Mahundi alijikuna shingo. Akaeleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mkaidi. Kadiri haipokei maneno. Inapokea chakula. Ikiambiwa kwamba Nyamizi alikula zaidi ya kilichotoka dirishani, itauliza kilitoka bakuli la nani. Ikijua, itahesabu upya, na kila hukumu iliyotokana na kiwango kibaya itafutwa, pamoja na maneno mawili ya Sikitu. Isipojua, itachukulia kwamba ameanza kuzeeka vibaya kama wenzake, basi.

"Kwa hiyo nipe majina. Nani alikuwa anakupa."

"Mji mzima."

"Majina. Na sheria ya kugawa chakula unaijua. Behewa lililogawa linakatwa robo mpaka msimu ugeuke."

"Kuna watoto wananyonya kwenye yale mabehewa. Robo ya mama ni robo ya mtoto."

"Sikuitunga mimi."

"Na Mbuke na Holo?"

"Mji haurudi nyuma," alisema Mahundi. "Unajua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Haya, majina."

Nyamizi alitazama mashavu yake. Aliyatazama kwa muda mrefu, mpaka mwanamume akauliza ana nini.

"Twende nikuonyeshe," alisema. "Sasa hivi watu wanakula. Utawaona kwa macho yako mwenyewe, usiseme nimekusingizia watu."

*

Walianzia behewa la tatu. Mpimaji mbele, kibao chake cha kuandikia kwapani, bibi nyuma. Watu walipomwona walikaa vizuri na kuvuta watoto, lakini mabakuli hawakuyaficha, kwa kuwa mtu hafichi bakuli linalotoka dirishani. Mzee mmoja asiye na meno alisema karibuni. Nyamizi alikunja mikono ndani ya kanga. Mahundi alijibu, akainamia bakuli kidogo, akapita. Ilikuwa hivyo behewa la nne pia, na la tano.

Behewa la sita walimkuta Mama Pendaeli na mumewe, katikati yao bakuli la ugali na mboga iliyoungwa kwa karanga alizobadilishana na mtu kisimani. Mtoto alikuwa mgongoni. Nyamizi ndiye aliyempokea mtoto yule alipozaliwa, ndani ya behewa lile, mji ukitembea.

"Bibi, umepotea," alisema Mama Pendaeli. Kisha alimwona mpimaji, na akafanya kile ambacho mikono yake ilijua kufanya. Alisogeza bakuli. "Karibuni."

"Asante, mama," alisema Mahundi.

Akamega, akachovya, akatia mdomoni.

Alikuwa ameshapiga hatua mbili aliposimama. Nyamizi alikuwa hajasogea. Mume wa Mama Pendaeli alitazama chini. Taya la Mahundi liliacha kutafuna, na chakula kikabaki upande mmoja wa shavu.

"Meza," alisema Nyamizi. "Kutema ni matusi."

Akameza.

Walitoka hadi kwenye daraja la chuma kati ya mabehewa, mahali ambapo kelele za matairi humeza maneno.

"Umenitega."

"Nimekuomba tutembee. Mkono ni wako."

"Ni mara moja tu."

"Behewa la tatu ulimega. La tano ulimega. Hili la sita ni la karanga, kwa hiyo umelikumbuka. Kila siku unapita kukagua saa ya kula, Mahundi. Jiulize hayo mashavu umeyapata wapi, kwa bakuli lipi."

Mahundi aliangalia vidole vyake. Vilikuwa bado vina mafuta.

"Nikiwaandika hawa, najiandika na mimi," alisema, kama anayehesabu kwa sauti. "Mpimaji aliyekula kwa wapimwa. Wananishusha hata bila kisima."

"Ndiyo."

"Nisipowaandika, Kadiri haibadiliki."

"Na Sikitu anapanda mizani kesho."

Upepo ulikuwa wa vumbi na joto. Nyamizi alingoja. Alimpa nafasi, maana mtani ni mtani, na pengine mle ndani mlikuwa na mtu. Mpimaji angeweza kusema mimi nitasimama nieleze. Mahundi alikuwa anafuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja.

"Andika niliiba," alisema Nyamizi.

Mahundi aliinua kichwa.

"Mwizi hana mgawaji. Andika nilikuwa napita nikidokoa, watu hawajui. Mashine itapata chakula chake, wale hawatakatwa. Na wewe utapata usingizi."

"Unajua mwizi wa chakula anafanywa nini."

"Nilikuwa ngazini, umesahau?"

"Bibi, hilo si jambo la utani."

"Utani wetu ulibaki kule kisimani na wale wawili. Andika."

Aliandika. Mkono haukutetemeka, na Nyamizi alimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa yote mengine.

*

Kadiri ilipokea. Usiku haukuwa umeingia, vipaza sauti vikatangaza kiwango kipya cha wanawake wazee wafupi, kalori elfu moja mia mbili, na hukumu za zamani kufutwa. Kisha vikatangaza jina la mwizi.

Watu walitoka kwenye ujia kumwona akirudi. Mzee asiye na meno alisema alijua, sufuria lake lilikuwa linapungua kimuujiza. Mwanamke wa behewa la nne, ambaye kila siku alimshikia kanga asipite bila tonge, alitema mate karibu na miguu yake. Mtu akasema mbilikimo mchawi. Wakacheka. Nyamizi alipita katikati yao pole pole, kama alivyozoea kupita, na safari hii hakuna aliyesema karibu. Mama Pendaeli alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Alifungua mdomo. Mumewe alimgusa mkono, akaufunga.

Walipofika kisima kilichofuata Sikitu aliburuta goti lake hadi kwenye ngazi. Ilimchukua asubuhi nzima.

"Sikukuomba," alisema.

"Hukuniomba."

"Ningekwenda mimi, mambo yakaisha. Sasa kila bakuli nitakalokula nitakuona wewe."

"Nione. Ila ule."

"Nitakula kwa hasira."

"Kula hata kwa matusi, Sikitu. Alimradi umalize."

Nyamizi alishuka na kifurushi chake. Hakukaa chini ya bati. Mji ulipoondoka, waliokuwa madirishani walimwona akijifunga kanga kiunoni, akigeuka, akianza kufuata alama za matairi kurudi zilikotoka.

Sikitu alirudisha uzito wake karibu wote. Aliishi misimu mingi na alikufa kwa homa, si kwa njaa. Hakumsamehe Nyamizi na alimtaja kila siku.

Mahundi aliendelea kuwa mpimaji. Amri yake ya kwanza baada ya siku zile ilikuwa kwamba saa ya kula mapazia yafungwe na asikaribishwe mtu. Mashavu yake yaliingia ndani mwaka ule ule, akaomba kuongezewa bakuli, Kadiri ikakataa.

Behewa la sita halikukatwa chakula. Mama Pendaeli alimwambia mwanawe ukweli alipokuwa mkubwa, na mtu mwingine hakumwambia.

Mbuke alikufa kisimani kabla mtu hajafika. Holo alikuwa hai, ana uzito wa mtoto, na Nyamizi alimkuta amesimama. Mji wa nyuma haukuja. Wachunga ng'ombe ndio waliokuja, wakala, wakasema karibuni. Holo alikaa nao, na baadaye sana akafia kwao. Nyamizi alikaa mpaka Holo alipoweza kutembea, halafu akaondoka kuelekea kusini, na hakuna aliyeleta habari yake tena.

Kiwango kiko vile vile hadi leo, elfu moja mia mbili, na wanawake wazee wafupi wa Mwendo hawakondi. Wanakula nyuma ya mapazia.